Bafu: vigae au paneli za ukutani? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Bafu letu ni dogo, mita 2 kwa mita 1.5, na vigae vya ukutani tulivikuta tulipohamia miaka 16 iliyopita. Grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, imekuwa nyeusi hata uisugue vipi. Mwezi uliopita vigae vitatu vya chini ya shawa vilidondoka usiku wa manane, nyumba nzima tukaamka tukidhani tumeingiliwa na mwizi.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza kasema tubomoe mpaka kwenye tofali tuanze upya. Wa pili kachungulia mlangoni tu, akasema, "Bosi, hapa tunafunika na paneli, siku mbili unaoga." Kila mmoja anamponda mwenzake. Naomba waliokaa na kimojawapo kwa miaka waje hapa. Wale wa kuona kwenye picha tuwaache wapumzike kidogo.

Mama Pacha

Mimi nina paneli za PVC, yaani plastiki, huu mwaka wa 6. Ni zile zenye uwazi ndani, zinachomekana ulimi kwenye mfereji. Fundi alizipachika juu ya vigae vya zamani, hakuna kubomoa, hakuna vumbi, na kweli siku ya tatu tulioga. Usafi wake ndio ninaoupenda: kitambaa na maji ya sabuni, basi. Ukuta hauna mistari ya grauti ya kuchokonoa kwa mswaki.

Sasa niseme na ya upande wa pili. Wanangu walirusha ndoo, paneli moja ikatoboka katikati ya ukuta. Nikadhani nitabadilisha hiyo moja. Kumbe zimeshikana kama meno ya zipu. Kuitoa ya katikati unaanza kufumua kutoka pembeni. Na rangi ile nilikuwa nimeshaikosa kila mahali. Nimeficha tundu kwa kioo. Kioo chenyewe kiko chini mno, wageni wanainama kujitazama.

Jambo lingine, mimi nilining'iniza chuma cha taulo kwa skrubu fupi kwenye paneli. Kilikaa wiki mbili. Paneli ni uwazi mtupu, skrubu haina cha kung'ata. Ukitaka kutundika kitu, skrubu ivuke paneli ikashike ukuta wenyewe.

Bwana Ukungu

Jina langu hapa limetokana na hadithi hii hii, kwa hiyo someni vizuri.

Bafu letu lilikuwa na unyevu unaopanda ukutani. Tukafunika na paneli, likapendeza, tukapiga na picha. Baada ya kama mwaka mmoja na nusu ikaanza harufu. Si ya choo, ni ile ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Tukanunua manukato, tukalaumu mfereji wa sakafuni, tukamwaga dawa. Harufu ipo. Mwisho mke wangu akaweka mkono kwenye paneli karibu na koki akasema, "Mbona hii inacheza?"

Tulipoifungua, nyuma kulikuwa kweusi kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Papi, yaani vipande vya mbao alivyopigilia fundi kushikia paneli, zilikuwa zimeoza, unazivunja kwa vidole. Maji hayakupita kwenye maungio ya paneli hata kidogo. Kulikuwa na bomba ndani ya ukuta linalovuja tone tone, na lilikuwa likivuja tangu kabla ya paneli. Sisi tulilifunika tu na kulinyima hewa.

Kwa hiyo paneli sizilaumu. Ila mkuu, vigae vyako vitatu vilivyodondoka usiku, mimi ningeanzia kuuliza vilidondokaje.

FundiKimya

Nimebandika vigae miaka mingi na paneli nimeziweka pia, sina timu. Naongeza pale Bwana Ukungu alipoishia.

Watu wengi wanaamini vigae na grauti ndivyo vinavyozuia maji. Sivyo. Grauti ya saruji inakunywa maji, polepole lakini inakunywa. Kigae chenyewe kinategemea aina: porselini hunyonya maji asilimia 0.5 ya uzito wake au chini ya hapo, lakini vile vya kauri vyepesi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Kinachokulinda ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa ukutani kabla ya gundi, mara mbili, na kwenye kona unatia utepe wake. Ukiiona kazi imeisha huwezi kujua kama ilipakwa au la, ndiyo maana wengi wanairuka. Mimi huwa namwita mwenye nyumba aione ikiwa bado mbichi.

Cha pili ni kubandika kwa madonge. Fundi anaweka madonge matano ya gundi nyuma ya kigae, anakisukuma, kinakaa sawa, anahamia kingine. Haraka sana. Lakini katikati ya madonge kuna mapango, na maji yanayopenya kwenye grauti yanakwenda kupanga humo. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno, na kigae kikubwa kipakwe mgongoni pia. Sehemu inayopigwa na maji, ukikibandua kigae ukakuta gundi imeshika chini ya asilimia 95 ya mgongo wake, kazi hiyo haijakamilika.

Cha tatu, kona. Ukuta unapokutana na ukuta, au ukuta na sakafu, usitie grauti, tia silikoni, ile ya kuzibia inayovutika kama mpira. Kuta zinacheza kidogo kidogo, grauti haipindi, itapasuka tu. Nikiingia bafuni mwa mtu naangalia kona kwanza kabla ya salamu.

Na kama ukuta ni wa jipsamu ya kawaida badala ya tofali, usiweke vigae juu yake chini ya shawa. Ikilowa inalainika kama karatasi. Kuna mbao za saruji kwa kazi hiyo.

Kuhusu kubandika vigae vipya juu ya vya zamani, maana najua utauliza: porselini ya milimita 10 ina kilo 22 hivi kwa skwea mita. Ukuta wako tayari umeanza kuangusha ulivyobeba. Usiuongezee.

Mtoto wa Mwisho

Mimi nakiri kosa. Vigae vyangu vilikuwa vizuri, niliviharibu mwenyewe kwa usafi. Nilisoma mahali kwamba siki inatoa uchafu wa maji ya chumvi kwenye vigae, nikawa nasugua kila Jumamosi. Vigae vikang'aa kweli! Baada ya mwaka grauti ilikuwa imeliwa, mistari imekuwa mitaro. Asidi hula saruji, na mtu akiwa na marumaru ya jiwe la asili itakula na jiwe lenyewe. Niliikwangua yote nikaweka grauti ya epoksi. Ile hainywi maji na siki haiisumbui. Lakini fundi alilalamika siku nzima, inakauka haraka na ikikauka juu ya kigae haitoki.

Dada wa Ghorofani

Paneli si PVC tu. Mimi nina zile za mbao za tabaka ndani, juu zimefunikwa laminati, yaani ganda jembamba gumu. Nzito kiasi, imara, ukizigonga hazilii kama debe, na picha ya jiwe juu yake inadanganya hata fundi. Udhaifu wake ni pale zilipokatwa. Fundi wangu alikata tundu la bomba la shawa akasahau kuziba ukingo kwa silikoni. Ndani ya miezi paneli ilivimba kuzunguka bomba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Sehemu nyingine zote zinapendeza hadi leo.

Mlezi wa Bibi

Naomba niongeze jambo ambalo hamjaligusa. Tulipokarabati bafu hatukufikiria uzee. Leo bibi anahitaji chuma cha kushikilia akiinuka, na ukuta wetu ni paneli za PVC juu ya papi. Chuma hicho kinabeba mwili wa mtu mzima anayeteleza, si taulo. Ilibidi tufungue ukuta mzima tuweke ubao mnene nyuma, tufunge tena. Kama mna mzee, au mnatarajia kuwa wazee, ubao huo uwekwe mapema na mpige picha ya mahali ulipo kabla ya kufunika. Kwenye vigae juu ya tofali tungetoboa tu kwa drili tukaweka boliti.

Mama Pacha

Hilo la bibi limenigusa. Nimesahau moja: dada yangu alikuja kwangu umeme ukakatika, akasimika mshumaa kwenye rafu karibu na ukuta. Asubuhi paneli ilikuwa na kitambi.

FundiKimya

PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Maji ya kuoga hayafiki huko, mshumaa unafika bila shida. Na ikiungua inatoa moshi mkali wa asidi, kwa hiyo moto uwe mbali nayo.

Na kwa wanaozipachika wenyewe: acheni nafasi juu na pembeni, ifunikwe na ukanda wake. Paneli ya mita 2.4 inaweza kurefuka kama milimita 3 joto likipanda nyuzi 20. Ikikosa pa kwenda inabinuka.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mke wangu. Yeye alikuwa upande wa paneli mpaka alipofika kwa Bwana Ukungu. Mimi nilikuwa upande wa vigae mpaka nilipofika kwenye madonge, maana vile vitatu vilivyodondoka nimevigeuza na mgongoni vina madonge matano matano, kama vile FundiKimya alikuwepo.

Tunafikiria kuchanganya: vigae eneo la shawa, kuta nyingine paneli. Inawezekana? Na je, nitajuaje kama nina bomba linalovuja bila kubomoa?

FundiKimya

Kuchanganya inawezekana, nimefanya mara nyingi na wateja hawajanirudia kulalamika. Maungio ya paneli na kigae yakae nje ya eneo linalorushiwa maji, na utie ukanda wa alumini wenye silikoni ndani.

Kwa kujua hali ya ukuta, chukua sarafu ugonge kigae kimoja kimoja. Kilichoshika kinalia kavu, kilichoachia kinalia kama mtungi. Weka alama kwa penseli.

Kwa bomba, funga koki zote za nyumba, na ile ya tangi la choo pia. Nenda kwenye mita ya maji, andika namba zote mpaka zile ndogo za mwisho. Kaa saa moja au mbili, mtu asiguse maji. Rudi usome. Mita iliyosogea ina maana maji yanapotea upande wako, hapo mwite fundi bomba kabla ya kuita fundi wa ukuta. Isiposogea usishangilie sana, bomba la maji machafu haliko kwenye mita. Hilo linapimwa kwa namna nyingine.

Mwanzisha mada

Nimerudi. Vigae vilivyolia kama mtungi ni 23, karibu vyote viko ukuta wa koki. Mita niliisoma saa 3 usiku, watoto wamelala, koki zote zimefungwa, nikairudia saa 5.

Imesogea. Fundi wa paneli alitakiwa kuja kesho asubuhi, nimempigia asije kwanza. Kuna mwenye uzoefu wa kutafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta? Naomba aseme walianzia wapi kutoboa.