Gasketi ya tatu hii! Nani alitufundisha kuwa "kaza zaidi" ndiyo dawa?

Wakuu, nimekasirika na sitaki kutulizwa.

Injini ya baiskeli, tustroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli), boksi limeandikwa 80 cc. Nimepima mwenyewe: kipenyo cha silinda mm 47, mwendo wa pistoni mm 38. Piga hesabu, inakuja 66 hivi. Uongo huo nimeumeza. Kinachonichoma ni silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na gasketi inayoziba kati yao.

Gasketi ya kwanza iliungua kabla sijamaliza tenki la pili. Muuzaji akanijibu, "Umeikimbiza, imepata moto." Kuuliza humu, mkaniambia kaza zaidi. Nikakaza, studi (skrubu ndefu inayoshika hedi) ikakatika. Mwingine akasema ongeza oili. Jamani! Jeti, kile kitundu cha petroli kwenye kabureta, ni ileile. Ukizidisha oili, petroli inayopita inapungua, miksi inazidi kuwa nyepesi (hewa nyingi, petroli kidogo), na moto ndiyo kwanza unapanda. Mimi nachanganya mililita 50 kwa lita moja, oili ya tustroki, basi.

Jana nikakaa chini nikafungua zile nati nne za kofia zinazong'aa, zilizozibwa juu. Nikazimulika ndani. Kwenye kitako cha kila kofia kuna kaduara kamechimbwa na ncha ya studi. Yaani nati inagota kwenye studi kabla haijaibana washa, kile kibati cha duara chini yake! Mkono unakwambia imekaza, kumbe hedi imekaa tu. Washa moja niliizungusha kwa kucha. Kwa kucha, wakuu! Ndiyo maana kulikuwa na mchirizi mweusi wa oili kwenye mapezi (yale mabati ya kupozea injini), upande wa ekzosi, nami kila siku naufuta nikidhani ni uchafu wa barabarani.

Kiwanda kimeshindwa kukata studi milimita chache?

Nimezitoa. Nimeweka nati za kawaida, zilizo wazi juu, na washa ngumu. Hedi nimeisugua kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka weusi ukaisha wote. Nimekaza kimsalaba, kidogo kidogo, raundi tatu. Nikaipasha, nikaiacha ipoe kabisa, nikarudia. Moja ilikubali robo mzunguko nzima.

Na bado. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya miksi nyepesi, kwa hiyo kuna hewa ya wizi, inapenya pasipotakiwa. Nikanyunyiza maji kidogo pale kabureta inapoingia kwenye bomba lake, injini ikiunguruma polepole bila kuvutwa akseli, mlio ukabadilika palepale. Gasketi ya bomba hilo ni karatasi nyembamba, imechanika. Nimeibadilisha, sasa plagi inatoka kahawia, rangi inayotakiwa.

(Aliyenishauri nipake mapezi rangi nene "yasipate kutu", wewe tutaonana.)

Nimemrudia muuzaji na nati zote nne mkononi. Anasema mimi wa kwanza kulalamika. Haya, waliowahi kuunguza gasketi humu: fungueni nati zenu mmulike ndani, mniambie mmeona nini. Na atakayeandika "kaza tena" nambloku.