Play Store, App Store, tovuti au APK ya kutumiana? Nisaidieni kulinganisha

Ticha_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Uyole, Mbeya, nimetengeneza programu ya mazoezi ya darasa la saba. Mzazi analipa 2,000 kwa mwezi. Sasa niiuzie wapi?

Play Store ya Google (ya simu za Android) kujisajili ni dola 25, unalipa mara moja basi. App Store ya Apple (ya iPhone) ni dola 99 kila mwaka, uuze usiuze. Kamisheni yao iliyozoeleka ni asilimia 30, ila sisi wadogo tusiofikisha dola milioni moja kwa mwaka tunakatwa 15. Apple lazima uombe kuingizwa kwenye huo mpango, ukikaa kimya imekula kwako. Kwa hiyo kwenye 2,000 yangu nabaki na 1,700. Kwa tovuti au APK (faili la programu ya Android unalomtumia mtu moja kwa moja) nakutana na makato ya malipo ya simu tu. Mnasemaje?

fundi_mwanjelwa:
App Store weka pembeni, ticha. Kwenye simu ishirini ninazofungua hapa mezani, iPhone hazizidi mbili, tena za vijana wa chuo. Kurudisha dola 99 tu unahitaji malipo zaidi ya mia.

Ila APK nayo usiione rahisi. Juzi mama mmoja muuza viazi kaja na Itel yake, katumiwa faili WhatsApp na mwalimu wa tuisheni. Akibonyeza, simu inatoa onyo kwamba faili linaweza kuwa na madhara. Kaniuliza, "Mwanangu, hela yangu ya M-Pesa haitaondoka?" Nikaingia kwenye mipangilio nikaruhusu, faili likakubali, lakini macho hakuyatoa kwenye mikono yangu mpaka nilipomrudishia simu. Na ukitoa toleo jipya, ni safari nyingine ya kuja kwangu. (Mimi silalamiki, nalipwa.)

Mnyalu_halisi:
Mnalia na 15 kama vile hawa watu hawafanyi kazi. Wanakagua virusi, wanasambaza masasisho, mteja anakuamini. Sokoni hulipi ushuru?

lumbesa_hapana:
@Mnyalu_halisi ushuru tunalipa, hii ni lumbesa. Sokoni ukishindwana na mtu unahamia soko jingine. Kwenye iPhone ya hapa kwetu mlango ni mmoja, na mwenye mlango ndiye anayepanga kipimo. Ulaya wameshtuka: tangu Machi 2024 sheria yao ya masoko ya kidijitali inailazimisha Apple kuruhusu maduka mengine, na Aprili 2025 wakaipiga faini ya euro milioni 500 kwa kuwabana watengenezaji wasiwaelekeze wateja kwenye bei nafuu nje. Korea Kusini walitunga sheria yao 2021. Marekani, baraza la wazee wa mahakama liliona Google ina ukiritimba, kesi ya kampuni ya michezo ya video, Epic Games, Desemba 2023.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, FCC. Ukubwa wenyewe si kosa. Kosa ni kuutumia vibaya, na mtu hahesabiwi ameshika soko mpaka sehemu yake ya soko ivuke kiwango cha sheria. Kwa simu za Android ninazoziona mikononi mwa watu Mbeya, kwa Google hapo hakuna ubishi.

Mnyalu_halisi:
Haya, nenda FCC. Ticha anataka kuuza mwezi huu.

Binti_Rungwe:
Ticha, changanya. Malipo yawe kwenye tovuti, mzazi alipe kwa lipa namba, umfungulie akaunti. Play Store weka programu ya kuingia na kusoma tu. Inaruhusiwa, mradi humo ndani usiweke kiungo wala maneno ya kumwelekeza akalipe nje. Hapo hiyo 15 huikuti. Mimi nauza parachichi kwa programu na sikatwi kitu, maana kamisheni ni ya bidhaa za kidijitali, si za kubeba kwenye tenga.

Jiandae na hili: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima upate watu 12 wa kuijaribu programu siku 14 mfululizo. Na APK isikupe jeuri. Google wametangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia nchi nne, Brazil ikiwemo, hata wa nje ya duka lao lazima wajitambulishe, na 2027 wataendelea na nchi nyingine.

Ticha_Uyole:
Kumi na wawili ninao, walimu wenzangu, ingawa wawili bado wana viswaswadu. @fundi_mwanjelwa, kwako simu ya Android ya mtumba iliyo nzima inaanzia ngapi?