Ushauri: Kuzunguka Williamsburg kwa ziara ya sauti ya simu, inatosha?

Mpita Njia: Wakuu habari za muda huu. Niko Virginia, Marekani. Jumamosi naenda Williamsburg, ule mji wa kikoloni uliokuwa makao makuu ya Virginia kuanzia 1699 hadi 1780. Nimepakua ziara ya sauti: unavaa hedifoni, unatembea, ukifika mahali GPS inajua ulipo na sauti inaanza kusimulia yenyewe. Je, mtu anaweza kuuelewa mji hivyo bila kumlipa mwongoza watalii? Usingizi hauji. Msaada tutani.

Bibi Shamba: Inatosha sana. Mtaa mkuu, Duke of Gloucester, ni kama kilomita moja na nusu tu: jengo la Bunge la zamani mwisho huu, chuo cha William & Mary mwisho ule. Kutembea barabarani ni bure, tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo. Ila pakua kila kitu ungali nyumbani na ubebe chaji ya akiba. Mimi simu ilinizimikia nje ya ile jela ya zamani, nikabaki nachungulia dirisha la nondo na mtoto analia anataka aiskrimu. Mtoto mwenyewe sasa hivi yuko chuo, hata kupiga simu hapigi.

Mwana wa Mvuvi: Mtoa mada, kabla ya hedifoni jiulize unaenda kumsikiliza nani. Zaidi ya nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa. Kama rekodi yako ni magavana na mawigi tu, izime. Nenda mtaa wa Nassau, walikofukua msingi wa kanisa la First Baptist, waumini wake weusi walianza kukusanyika 1776. Ulizia pia Bray School, nyumba ya 1760 walikosomea watoto weusi. Vijana mnapenda picha kuliko historia.

Nusu Shilingi: Mtu anakosa usingizi kwa ajili ya hedifoni? Mkuu, unaenda na nani?

Mpita Njia: Naenda na watu wa kawaida tu.

Nusu Shilingi: Wa kawaida kina nani? Funguka.

Mpita Njia: Haya. Ni wazee na kina mama waliokuja kutembelea watoto wao huku. Kiingereza kinawapiga chenga. Niliwaambia mimi ni mwenyeji wa Williamsburg, nawatembeza. Naweka hedifoni sikio moja, nasikiliza, nawamwagia kwa Kiswahili. Kila mmoja kashatoa dola 40, na sehemu imeshaenda kwenye gari. Msianze kunihukumu. Mafuta analipa nani? Tafsiri nayo ni kazi, na huyo wa kwenye rekodi si naye anasoma karatasi?

Kiti Moto Baridi: 😂😂 Mkalimani wa setilaiti!

Bibi Shamba: Mwanangu, sauti haisubiri wazee. Wewe uko sentensi ya pili, mama mmoja kaona kondoo wa pale nyuma ya uzio anauliza wanauzwaje, umesogea hatua kumi kumjibu, simu imerukia jengo lingine. Zima ile ya kujianzisha, uwe unabonyeza mwenyewe.

Mwana wa Mvuvi: Na wakikuuliza kama Kasri la Gavana ni lenyewe? Lile la kwanza liliungua 1781. Mnaloliona limejengwa upya miaka ya 1930 juu ya msingi uleule, kwa hela za tajiri Rockefeller Jr., baada ya mchungaji mmoja aitwaye Goodwin kumshawishi. Majengo asilia yaliyobaki mjini ni themanini na kitu. Usije ukawaambia wazee "hapa gavana aligusa mlango huu".

Doria wa Usiku: Hii chai. Mwaka jana huyuhuyu alileta uzi kwamba ni MC wa harusi asiyejua majina ya maharusi. Sasa ni mwongoza watalii asiyejua mji. Moderata, hamishia kwenye hadithi.

Kiti Moto Baridi: Hata kama ni chai, mimi nakunywa.

Nusu Shilingi: Weka picha ya risiti ya gari, ficha jina.

Mpita Njia: Risiti ina namba yangu, siweki. Anayesema chai apite kushoto. Na ya MC iliisha vizuri, waulizeni maharusi. Nilichotaka ni kujua kama inatosha, Bibi Shamba kanijibu, ahsante mama. Kuna jambo dogo tu limebaki. Kati yao yupo mwalimu mstaafu wa historia, kanitumia ujumbe sasa hivi anataka nimwonyeshe alikokaa Patrick Henry. Huyo ni nani jamani?

Mwana wa Mvuvi: Gavana wa kwanza wa Virginia baada ya kujitangazia uhuru. Aliishi kwenye Kasri hilohilo tulilokuwa tunakwambia. Rudisha hela za watu.