Tupeane uzoefu: herufi gani za Kijapani ziliwachanganya?

Habari zenu wakuu. Tuliojifunza kusoma Kijapani, chuoni au usiku peke yetu na simu, tuambiane ni mapacha gani, yaani herufi zinazofanana, waliwatesa. Naanza mimi. Katakana, herufi za kuandikia maneno ya kigeni, nilizimaliza kwa wiki mbili nikajiona mwamba. Siku ya kuandika nchi zetu ubaoni nikaweka タンザニア kwa mbwembwe, mwalimu akaisoma kwa sauti: "Tasozania". Darasa likavunjika mbavu. Badala ya ン (n) nilikuwa nimechora ソ (so).

Fundi wa mtaani: Hahaha, karibu chamani mkuu. Mimi ni fundi magari hapa Dar, darasa la Kijapani silijui. Magari ya mtumba kutoka Japani huja na vibandiko vya oili, nikawa nadonoa herufi mojamoja. エンジンオイル nikaisoma "esojisooiru", mwezi mzima nikijua ni jina la oili fulani ya bei mbaya. Kumbe enjini oili! Neno ninalolitamka tangu asubuhi hadi nafunga karakana.

Bi Hiragana: Mimi aliyenifungua macho ni shati, シャツ. Linaanza na シ (shi), linaishia na ツ (tsu), hivyo ukikosea huna pa kujificha. シ vistari vyake viwili vimeegemea ukuta wa kushoto, ツ vyake vinaning'inia darini. Mstari mrefu wa シ unaanzia chini ukipanda, wa ツ unaanzia juu ukishuka. Ukisahau kumbuka hiragana zake, herufi za sauti zilezile kwa maneno ya Kijapani chenyewe: し inamalizikia juu, つ inamalizikia chini. ン na ソ nazo mchezo ni huohuo, ila kistari kidogo ni kimoja. Muhimu uandike kwa mkono. Kwa kukodolea macho tu, mimi nilishindwa.

Wa Mombasa: Shemeji zangu ni ね, れ na わ. Ne mkia una kitanzi, re mkia umetupwa nje, wa umerudi ndani. ぬ (nu) na め (me) nilizimaliza kwa mbwa: mbwa ni いぬ (inu), na mbwa ana mkia uliojikunja. Yenye kitanzi ni nu, basi.

Mwanafunzi mwenye hasira: Na き (ki) je? Kitabuni imeunganishwa, mwalimu akiandika mkunjo wa chini unaachana na mstari. Nilidhani ni herufi mbili tofauti. Hakuna aliyeniambia mpaka nilipokosa kwenye jaribio.

Mzee wa Osaka: Ninyi bado hamjafika kwenye kanji, zile herufi za asili ya Kichina zenye maana. Nilikuwa Osaka kwa mafunzo, nikakuta jengo limeandikwa 入口. Nikaisoma 人口, yaani idadi ya watu. Nikasimama nje nikiamini ni ofisi ya takwimu, watu wanapishana nami wakiingia. 入口 ni mlango wa kuingilia! Kwenye 入 mguu wa kulia ndio unaotokeza juu. Kwenye 人 ni wa kushoto.

Wa Mombasa: 😂 Mzee, basi tusaidie カ ya katakana na 力 ya kanji, ile ya nguvu. Mimi naona kitu kimoja.

Mzee wa Osaka: Hata mimi. Angalia majirani zake tu.

Fundi wa mtaani: Kumbe! Ndiyo maana エ ya エンジン na 工 ya 工場, kiwanda, nilikuwa nazisoma zote "e".