Gundi gani kwa vibao vya kukatia vya mtiki?

BintiMuheza
Wakuu, habari za leo. Natengeneza vibao vya kukatia nyama na mboga kwa mabaki ya mtiki wa Longuza (shamba la miti la huku Muheza), vile vipande vyembamba vinavyoishia kuwa kuni. Naviranda, naviunga ubavu kwa ubavu mpaka upana wa sentimita 25. Sasa kuna mama lishe kaagiza vitano, na kwake kibao hakikauki kuanzia alfajiri. Muuza duka ananisukumia Araldite, ile gundi ya epoksi ya kuchanganya mirija miwili, seremala jirani anasema gundi nyeupe yoyote inatosha. Nimsikilize nani? Na usalama wa chakula je?

FundiKeko
Dada, soma kopo kwanza. Gundi nyeupe zote zinafanana rangi, tabia hazifanani. Tafuta alama D3 au D4, ni viwango vya Ulaya (EN 204). D1 ni ya kabati la chumbani, maji haiyawezi. D3 inavumilia kulowa mara kwa mara kwa muda mfupi. Kwa mama lishe chukua D4, ndiyo inayovumilia maji zaidi. Titebond III, gundi ya mbao ya Kimarekani, nayo inahimili maji, na kwao Marekani imekubaliwa kwa vyombo vya chakula pale inapokaa ndani ya maungio. Ukiipata, jiandae na bei.

Araldite haina ubaya ikishakauka kabisa, ila joto huilegeza, na jikoni kibao ndicho kinachotuliwa sufuria ya moto.

Ila mimi naogopa mtiki kuliko gundi. Una mafuta yake ya asili, gundi inakaa juu bila kushika. Randa na uunge siku hiyohiyo, usilaze. Kabla ya kupaka, futa kingo kwa kitambaa chenye asetoni. Kitatoka cha kahawia. Geuza upande, futa tena mpaka kipungue rangi, acha ikauke. Asetoni ya duka la rangi, siyo ile ya kucha yenye manukato. Paka pande zote mbili, bana. Gundi ikitokeza vitone kama shanga mstari mzima, imetosha. Usikaze mpaka uikamue yote. Na kwa joto la Tanga fanya asubuhi mapema, mchana inakauka usoni hata hujafunga klampu.

MpishiNgamiani
Kwani lazima kuunga? Si achane ubao mmoja mpana tu, yaishe?

FundiKeko
Mkuu, ubao mpana ukilowa upande mmoja unapinda kama mtumbwi. Vipande vyembamba, ukipishanisha mielekeo ya nyuzi, vinatulia. Halafu yeye ana mabaki, hana gogo.

BintiMuheza
Asante sana fundi. Nitajuaje imeshika kabla sijampelekea mtu?

FundiKeko
Unga vipande viwili vya kutupa, subiri saa 24, vichemshe kwenye sufuria, kisha vivunje kwa nyundo. Ikipasuka mbao, gundi ni nzuri. Ikiachia kwenye mstari, rudia kufuta, au badilisha kopo.

MpishiNgamiani
Na mafuta ya kupaka juu? Wengine wanapaka ya alizeti.

FundiKeko
Ya alizeti yanachacha, kibao kitanuka. Nunua parafini ya maji duka la dawa, ile ya kulainisha choo, si mafuta ya taa jamani! Paka pande zote mbili, lakini baada ya kuunga. Na mama lishe aambiwe asikilaze kwenye beseni.

BintiMuheza
Hilo la beseni ndilo gumu. Nitamwandikia kwa nyuma.