Msaada: Nordschleife kwa mara ya kwanza na Subaru Impreza STI, nianzie wapi?

Boxer_Köln: Wakuu, salaam. Niko Köln, na mwezi ujao nataka kuingia uwanja wa mbio wa Nürburgring Nordschleife siku ambazo yeyote hununua tiketi na kuzunguka, zile Touristenfahrten. Gari ni WRX STI ya 2008, injini 2.5, kalipa za Brembo, pedi za kawaida. Nimelinunua kwa mtu, kwa hiyo historia ya mafuta ya breki haijulikani. Bajeti ni ndogo. Nianze na nini? Na zile Porsche GT3 na Ferrari zikinijia nyuma nifanyeje? Natanguliza shukrani.

FundiDiski: Mkuu, mafuta ya breki kwanza, mengine yatafuata. DOT 4 mpya inatakiwa ichemke kuanzia 230°C. Ikishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155°C tu. Nordschleife ina karibu kilomita 21 na miteremko mirefu, utafika joto hilo bila hata kukimbia sana. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali inazama hadi sakafuni. Nunua lita 1 ya DOT 4 nzuri au DOT 5.1, toa ya zamani yote, fuata mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari. Usiguse DOT 5, hiyo ni silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine.

KonaKali: Naongezea pedi za mashindano. Hizo za kawaida zitaungua.

FundiDiski: Hapana kaka. Pedi za mashindano zikiwa baridi hazishiki vizuri, na yeye atarudi Köln na gari hilohilo. Pedi za kati, zinazovumilia joto na bado zinafaa barabarani, zinamtosha. Zilizopo zikiwa zimebaki nusu, abadilishe. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta.

DadaTurbo: Hiyo injini inapenda oili. Pima gari likiwa mahali tambarare, iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, isizidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ikivuta hewa, beringi ndiyo inalipa. Pima tena kila ukitoka. Petroli nayo usiiache ishuke chini ya robo tangi, kwa sababu hiyohiyo.

Upepo wa tairi: anza na ule wa kibandiko cha mlangoni. Baada ya mzunguko mmoja utakuta umepanda, pengine bar 0.3 au 0.4. Punguza kidogokidogo tairi zikiwa moto, huku ukiangalia mabega ya tairi yanavyolika. Halafu, na hapa ndipo watu husahau, jaza tena kabla ya kuingia Autobahn. Ukipunguza zikiwa moto, zikipoa zitakuwa laini mno kwa 180 km/h.

Nati za magurudumu kaza kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kabla, kisha uzikague gari likishapoa. Toa zulia la dereva, spana zilizoko buti na chupa ya maji. Chupa ikibingirika chini ya pedali ya breki, hakuna DOT itakayokusaidia.

MzeeWaEifel: Kuhusu hizo Porsche: sheria ni za barabara ya umma, kupita ni kushoto tu. Ukiiona kwenye kioo, subiri ufike mahali palipo wazi, kaa kulia, washa indiketa ya kulia, punguza gesi kidogo. Usikanyage breki ghafla, usihamie kulia katikati ya kona. Anayekuja nyuma amepiga hesabu kwa njia unayoifuata sasa. Angalia kioo kabla ya kila kona.

Sehemu ya uwanja iitwayo Fuchsröhre ni mtego: mteremko, kisha gari linadidimia chini, kisha breki za kuingia kona za Adenauer Forst. Wageni wengi wanachelewa hapo.

Gari likivuja oili au maji, usijikokote hadi lango la kutokea. Utaimwagia njia yote, na nyuma yako kuna pikipiki. Vuta kulia kabisa, washa taa za hatari, toka, simama nyuma ya reli ya kinga iliyo pembeni, piga namba ya dharura ya uwanja uliyoihifadhi mapema.

Boxer_Köln: Asanteni sana. Bima je?

MzeeWaEifel: Soma mkataba wako. Kasko nyingi (bima za gari lako mwenyewe) zina kifungu kinachotoa Nürburgring nje. Ukigonga reli unalipia reli, na gari la kuvuta unalilipia pia. Gari la kukodi la kawaida usilipeleke, mikataba yake hukataza.

FundiDiski: La mwisho: ukipita fremu ya mwisho iliyovuka juu ya barabara pale Döttinger Höhe, kwenye ule mnyoofu mrefu, tembea taratibu mpaka lango la kutokea, diski zipoe. Ukiegesha, weka gia ya kwanza, usivute hendibreki.

DadaTurbo: Na injini iache ikizunguka dakika moja au mbili kabla hujazima, turbo ipate oili.