Emacs: programu ya duka iliyo kwenye flashi inagoma ikihamia kompyuta nyingine. Niifungashe vipi?

kaunta_lispi

Wakuu salaam. Kuna programu ya Emacs Lisp (lugha ya kihariri cha maandishi Emacs) inaitwa daftari-duka: inaandika mauzo na madeni ya wateja, halafu inatoa risiti. Ina faili 3 za .el (kodi chanzo) na folda moja ya violezo vya risiti. Imeandikwa kwenye Windows 10 yenye Emacs 29.4. Inatakiwa ikae kwenye flashi moja ya FAT32, ifunguke kwenye mashine za Windows ambazo hazina Emacs kabisa, na kwenye mashine za Ubuntu 22.04 zenye Emacs ya mfumo. Kote huko hakuna intaneti.

Nimekopi folda nzima ya .emacs.d (mipangilio na vifurushi vya Emacs) kwenye flashi. Matokeo:

Ubuntu inagoma mwanzoni kabisa: `Symbol's function definition is void: make-closure`.

Windows nyingine inafungua, ila risiti inatafutwa `d:/...` na flashi sasa inasoma E. Njia ya violezo nilikuwa nimeiweka ndani ya `eval-when-compile`. Nikabadili, nikaandika `load-file-name` ndani ya defun ya risiti, sasa inasema `Wrong type argument: stringp, nil`.

Na swali la pembeni: data nihamishie SQLite (hifadhidata) ya ndani ya Emacs, au nibaki na faili la maandishi?

mzee_wa_mabano

Mkuu, makosa mawili ya kwanza yana mzizi mmoja: umehamisha vitu vilivyokwisha pikwa kwa ajili ya mashine moja. Hamisha .el tu, kila mashine ijikompailie yenyewe.

La kwanza. Ubuntu 22.04 ina Emacs 27.1. `make-closure` imeingia Emacs 28, na kompaila ya 28 kwenda juu huipachika ndani ya .elc (faili la .el lililokwisha kompailiwa). 27 ikisoma .elc hiyo haiijui. Kutoka toleo la zamani kwenda jipya .elc kwa kawaida hupita, kurudi nyuma hakuna dhamana. Faili za .eln (zilizokompailiwa hadi kodi ya mashine) ndiyo usizibebe kabisa, zimefungwa kwenye prosesa na kwenye Emacs ileile iliyozitengeneza.

La pili na la tatu. `eval-when-compile` hugandisha njia ya siku ile ulipokompaili, ndiyo maana bado unaiona D. Na `load-file-name` ina thamani wakati faili linapakiwa tu. Mtumiaji akija kubonyeza M-x (kuita amri) baadaye imekwisha kuwa nil. Ikamate juu kabisa ya faili, nje ya defun yoyote:

```
(defconst daftari-duka-mzizi
  (file-name-directory (or load-file-name buffer-file-name)))
```

Kisha ndani ya defun: `(expand-file-name "violezo/risiti.html" daftari-duka-mzizi)`. Hiyo `buffer-file-name` ni kwa ajili yako unapofanya M-x eval-buffer.

Sasa kifurushi. Kwa kuwa una faili zaidi ya moja na violezo, unahitaji tar. Folda iitwe `daftari-duka-1.2.0`, jina na toleo vikiwa sawasawa na vilivyo ndani ya `daftari-duka-pkg.el`:

```
(define-package "daftari-duka" "1.2.0"
  "Daftari la mauzo na madeni ya duka"
  '((emacs "27.1")))
```

Halafu, ukiwa nje ya folda hiyo:

```
tar -cf daftari-duka-1.2.0.tar daftari-duka-1.2.0
```

Bila gzip, maana package.el (kisakinishi cha vifurushi cha Emacs) inataka .tar mbichi. Usiandike `./daftari-duka-1.2.0`, hizo nukta na slashi zinaingia ndani ya tar, na Emacs itakataa ikisema kifurushi hakifunguki vizuri ndani ya folda yake. Anayefungasha kwenye Mac aweke `COPYFILE_DISABLE=1` mbele ya amri, la sivyo faili za `._` zinaleta kosa hilohilo. Futa .elc zote kabla ya kufunga. Kila .el ianze na mstari wenye `-*- lexical-binding: t; -*-` na faili kuu iishie na `(provide 'daftari-duka)`. Amri ambazo mtumiaji anaziita moja kwa moja ziwekee `;;;###autoload` juu yake.

flashi_ya_bluu

Kuongezea hapo kwa mzee: kwa flashi njia rahisi ni kubadili HOME (folda ya nyumbani ya mtumiaji). Kwenye .bat andika `set HOME=%~dp0nyumbani`, kwenye Linux `HOME=$PWD/nyumbani emacs`. Emacs itaona .emacs.d iliyo kwenye flashi bila usumbufu.

mzee_wa_mabano

Inafanya kazi, ila HOME inarithiwa na kila programu ambayo Emacs inaianzisha. Git itatafuta .gitconfig kwenye flashi, gpg itatafuta funguo huko huko, na kivinjari kitakachofunguliwa kuonyesha risiti kinaweza kuanza na wasifu mtupu. Na tatizo la .elc linabaki palepale: 29 ikishakompaili ndani ya elpa (folda ya vifurushi) ya pamoja, 27 inakuja kuzikuta.

`--init-directory` ndiyo safi, ila imeanza Emacs 29. 27 haiijui. Kwa hali ya mleta mada ningetumia `-q -l` (ruka mipangilio ya mtumiaji, pakia faili hili), inakubalika kote. Faili `anza.el` kwenye mzizi wa flashi:

```
;;; -*- lexical-binding: t; -*-
(setq user-emacs-directory (file-name-directory load-file-name))
(setq package-user-dir
      (expand-file-name (format "elpa-%d" emacs-major-version)
                        user-emacs-directory))
(setq custom-file (expand-file-name "custom.el" user-emacs-directory))
(require 'package)
(package-initialize)
(unless (package-installed-p 'daftari-duka '(1 2 0))
  (package-install-file
   (expand-file-name "daftari-duka-1.2.0.tar" user-emacs-directory)))
(load custom-file t)
(daftari-duka)
```

Ufunguo ni `elpa-%d`. Ubuntu itajijengea `elpa-27`, Windows `elpa-29`, kila moja na .elc zake, hazigusani. Mara ya kwanza itachukua sekunde kadhaa kukompaili, baada ya hapo inafunguka moja kwa moja. `package-initialize` ni lazima uiite mwenyewe, kwa sababu ukitumia `-q` Emacs haiwashi vifurushi. Na usipoweka `custom-file`, mtumiaji akijaribu kuhifadhi mipangilio ataambiwa haiwezekani chini ya `emacs -q`.

Ukirekebisha kodi bila kupandisha toleo, flashi zilizokwisha sambazwa hazitaona badiliko lolote. 1.2.0 ipo, basi hapasakinishwi kitu. Hili linawapotezea watu muda kuliko makosa yote ya juu.

fundi_bechi

Za kufungulia, kwa kuwa hapo nako kuna mitego. Windows, pakua zip rasmi ya Emacs kutoka hifadhi ya GNU (ile isiyoandikwa `no-deps`), ifungue ndani ya folda `emacs` kwenye flashi. Kisha `anza.bat`:

```
start "" "%~dp0emacs\bin\runemacs.exe" -q -l "%~dp0anza.el"
```

Zile alama mbili tupu baada ya start usizitoe. Ukizitoa, start inadhani njia ya programu ni jina la dirisha, na Emacs haifunguki. Na `%~dp0` tayari inaishia na slashi ya nyuma, usiongeze nyingine wala usiifungie alama ya kunukuu ikiwa peke yake.

Ubuntu, `anza.sh`:

```
cd "$(dirname "$0")" && exec emacs -q -l "$PWD/anza.el"
```

Mwambie mtumiaji aandike `sh anza.sh`. FAT32 haina ruhusa za Unix, kwa hiyo chmod haitasaidia. Na kama umeiandikia Windows, iweke kwa M-x set-buffer-file-coding-system, chagua utf-8-unix, ndipo uhifadhi. Mistari yenye mwisho wa Windows inaharibu kila kitu kwenye sh, na ujumbe wa kosa hauelekezi popote.

Kuchapisha risiti usitumie lpr, Windows kwa kawaida haina. Andika HTML, itupe kwa `browse-url-of-file`, mtu achapishe kutoka kwenye kivinjari.

mzee_wa_mabano

Kuhusu SQLite: imo kuanzia Emacs 29, kwa hiyo Ubuntu zako za 22.04 zinabaki nje. Hata 29 inaweza kuwa imejengwa bila hiyo, ndiyo maana kuna `sqlite-available-p`. Duka moja halina data ya kukulazimisha huko. Andika orodha kwa `prin1`, soma kwa `read`, ila funga vigezo hivi:

```
(let ((print-length nil) (print-level nil)
      (coding-system-for-write 'utf-8-unix))
  (with-temp-file muda (prin1 data (current-buffer)))
  (rename-file muda halisi t))
```

Mtu mwenye `print-length` ya 50 kwenye mipangilio yake atahifadhi madeni 50 ya mwanzo na vinukta vitatu. Hayo mengine hayarudi. Kubadili jina mwishoni kunasaidia programu ikikatika katikati ya kuandika. Flashi ikichomolewa bila kutolewa kwa utaratibu hakuna kodi itakayokuokoa, weka na nakala kwenye diski ya mashine.

kaunta_lispi

Ubuntu imefunguka, risiti inatoka kote. Kosa moja lililobaki: `Symbol's function definition is void: string-pad`.

fundi_bechi

`string-pad` ni ya Emacs 28. Ama weka `compat` (kifurushi kinacholeta funksheni mpya kwenye Emacs za zamani) kama tegemezi (nayo uibebe kama tar na uisakinishe kwanza, maana hakuna intaneti), ama kwa kitu kimoja tu andika `(format "%-20s" jina)`. Kabla ya kusambaza, endesha kwenye mashine yenye 27.1:

```
emacs -Q --batch -L . -f batch-byte-compile *.el
```

Kila funksheni isiyojulikana itatajwa kama onyo. Ukiiendesha 29 peke yake hutaona kitu. Pia package-lint (kifurushi cha kukagua vifurushi) inalinganisha funksheni zako na `(emacs "27.1")` uliyoitangaza, hata ukiwa kwenye 29.

flashi_ya_bluu

Mkuu, jambo la leseni. Ukigawa flashi yenye Emacs ndani, unasambaza programu ya GPL toleo la 3, na anayepokea ana haki ya kupata kodi chanzo. Weka tu `emacs-29.4.tar.xz` kwenye flashi hiyohiyo. Na siku ukitaka kuiweka hadharani, MELPA (hazina ya vifurushi vya Emacs) wanataka faili la maelekezo la mistari michache linaloonyesha hazina yako ya git, pamoja na leseni inayopatana na GPL. Hazina nyingine, NonGNU ELPA, inawashwa yenyewe kuanzia Emacs 28 na haidai uwasainie hakimiliki. GNU ELPA inadai.

kaunta_lispi

Nimetumia format. 27.1 imekompaili bila onyo hata moja. Asanteni wakuu, tar ya 1.2.1 ndiyo inaenda kwenye flashi.

mzee_wa_mabano

Basi badili na ile `'(1 2 0)` na jina la tar ndani ya anza.el.